Halloween shuleni na mfuko mtupu

SWALI: Shikamoo dada, shule ya wanangu imetaka 31 Oktoba familia nzima ije na mavazi ya Halloween, ile sikukuu ya kujivika mavazi ya kutisha, dukani bei zinatisha na tuko watano. Nifanyeje? (Mama Watoto, Ntinda)

JIBU: Marahaba mama, dukani usiende kabisa! Pita soko la Owino hapo Kampala uchague shuka jeupe la mitumba, lichane vipande virefu, viloweke kwenye chai ya rangi iliyokolea mpaka viwe kahawia kama vitambaa vya maiti wa kale wa Misri, vikikauka vishonee kwenye fulana na suruali kuukuu, maana ukimzungushia mtoto hivihivi vitafunguka kabla hajafika getini. Hapo watoto wakubwa wawili tayari. Mdogo mfanye korongo taji, ndege wetu wa kwenye bendera ya Uganda, taji ni njiti za ufagio umezibandika kwenye utepe wa kadibodi, ncha uzikate zisimchome mtu, na hatishi, watoto wadogo wanaogopa kweli jamani. Wewe na baba vaeni makoti mabovu na kofia za majani, sanamu za kufukuza ndege shambani. Usoni pakeni mkaa uliosagwa na mafuta ya mgando, mbali na macho. Ila lubugo, kile kitambaa cha magome ya mti, naomba msiguse, Buganda tunazikia wapendwa wetu.