"Discern": kuona au kupambanua?

SWALI: Mwanafunzi wangu hapa Ujiji amefasiri kitenzi cha Kiingereza "discern" kuwa "kuona". Nimempa sifuri, naye hajaridhika. Tafsiri yake ni ipi, na neno lenyewe limetoka wapi?

JIBU: Mwalimu, mrudishie nusu alama, sababu inakuja.

Anayepika ugali wa muhogo analo neno hili jikoni kwake. Kilatini "cernere" ni kuchekecha: unga laini upite, chenga zibaki juu. "Dis-" huongeza maana ya kutenga, hiki huku na kile kule. Waingereza walilipokea kupitia Kifaransa katika karne ya 14. Ndugu zake ni "secret", siri, yaani kilichowekwa kando, na "certain", hakika: jambo lililokwisha kuchekechwa.

Kwa hiyo "kuona" peke yake hupungukiwa. Jicho huona unga na chenga pamoja. Kuvitenga ni kazi inayofuata, na kazi hiyo Kiswahili huiita kupambanua. Angalia kiishio -ua, kile cha kunja na kunjua, ziba na zibua: hutengua. Mnunuzi pale mwaloni Kibirizi huchota dagaa kiganjani, akawasugua kwa kidole gumba asikie kama wana mchanga. Anapambanua dagaa walioanikwa chini na walioanikwa kwenye chanja. Sema hivyo hivyo, bila "kati ya". "Kupambanua kati ya" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. "Kati ya" iachie nomino: tofauti kati ya hawa na wale.

Sasa ile nusu alama. "Discern" hutumika pia kwa kitu kinachoonekana kwa taabu, kwa umbali au kwa giza. Asubuhi isiyo na ukungu, milima ya Kongo huonekana ng'ambo ya ziwa. Ukisema "nimeipambanua milima", watu watacheka. Sema "naiona kwa mbali". Hapo mwanafunzi wako yuko sawa, kwa hiyo kabla ya kusahihisha soma sentensi aliyopewa.

"Bainisha" si mbadala kamili. Mtu hupambanua kichwani mwake, kisha huwabainishia wengine. Ndiyo maana mtihani husema "Bainisha", maana mtahini anataka kuona maandishi. "Bagua" nalo lilikuwa neno zuri la kutenga, lakini ubaguzi umeshalichafua. Kwa dagaa linavumilika. Kwa watu, liepuke.