Mwenzenu akiuawa katikati ya msimu: ya kuamua kabla ya mechi inayofuata

Timu ya chuo ikifiwa, wa kwanza kufika na wazo huwa ni mtu wa fulana. Maiti bado iko mochwari, yeye ameshatengeneza picha ya marehemu yenye mawingu na mabawa, ameirusha kwenye grupu na anauliza saizi zenu. Sisemi fulana ni mbaya, hata mimi ninayo moja kabatini. Lakini nilikuwa meneja wa timu ya chuo iliyompoteza beki wake wa kushoto, aliyechomwa kisu na vibaka usiku akirudi hosteli, na tangu hapo viongozi wa timu nyingine zilizofikwa na msiba hunipigia: "Kaka, nyie mlifanyaje?" Naandika hapa ili nipunguze simu.

Anzeni kwa wafiwa, na mwende kusikiliza. Sisi tulifika na jezi yake namba 3 imepigwa pasi na kukunjwa vizuri, tukiwaza kuilaza juu ya jeneza kama tunavyoona kwenye televisheni. Nahodha alimkuta baba wa marehemu chini ya mwembe, akamwamkia, akapewa marahaba na pole ya safari, ndipo akaeleza ombi letu. Mzee aliishika ile jezi, akaigeuza akasoma mgongoni, akasema, "Huko anakokwenda haendi na jezi, mwanangu. Mpeni mdogo wake." Mdogo mwenyewe alikuwa darasa la tano. Aliivaa palepale juu ya kanzu, ikamfika magotini, na hakuivua mpaka tunaondoka.

Kwa hiyo ulizeni, hata kwa jambo mnaloona ni dogo. Nyumba nyingine hawapendi kuona sura ya marehemu wao ikitembea kwenye vifua vya watu, na nyingine watawashukuru mkiwaletea fulana hizo. Ulizeni pia saa ya maziko kabla ya kukodi basi, maana aliyeuawa hupita kwanza polisi na kwa daktari kwa uchunguzi, na familia ya Kiislamu ikishakabidhiwa maiti haingoji. Mkichelewa maziko, iko hitima, iko arobaini. Hata mkiwahi, arobaini nendeni, kwa sababu siku hiyo turubai huwa na nafasi nyingi.

Rambirambi: namba moja ya simu, daftari moja, majina na kiasi, mkabidhi mbele ya wazee. Hela ya fulana isitoke humo.

Sasa uwanjani. Tulipokaa kupanga, mmoja wetu alikuwa mfuatiliaji wa futiboli ya vyuo vya Marekani, ile ya helmeti na mpira wa yai. Vyuo vile vimezika wachezaji wengi kuliko inavyostahili. Tukio lililonikaa kichwani ni la Nebraska. Sam Foltz ndiye alikuwa mpigaji wao, yule anayeingia kuupiga mpira mbali kwa mguu timu inapokwama. Julai 2016 alifariki kwa ajali ya gari pamoja na Mike Sadler, aliyewahi kufanya kazi hiyohiyo katika chuo cha Michigan State. Mechi ya kwanza ya msimu ilikuwa Septemba 3, dhidi ya Fresno State. Ulipofika wakati wa kupiga mpira kwa mara ya kwanza, Nebraska walipeleka watu 10 badala ya 11. Pale anaposimama mpigaji hapakuwa na mtu. Muda wa kupiga ukaisha, refa akatoa adhabu ya kuchelewesha mchezo, uwanja mzima umesimama. Sheria yao inairuhusu timu pinzani kuikataa adhabu, na Fresno State waliikataa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba heshima nzuri hutoka ndani ya mchezo wenyewe, kwenye kazi aliyokuwa akiifanya mtu yule, na kwamba wapinzani wakishirikishwa jambo linakuwa zito zaidi. Foltz alikuwa mpigaji, wakaacha pengo la mpigaji. Kuna mtu angeweza kupendekeza puto na njiwa, lakini puto lingemfaa marehemu yeyote.

Sisi tulifanya la kwetu kwa kipimo chetu. Tulimwendea nahodha wa wapinzani na refa kabla ya mechi, tukakubaliana kwamba dakika ya tatu mpira ukitufikia tutautoa nje upande wa kushoto, pale alipokuwa akicheza, wote tupige makofi, kisha wao waturudishie. Walipoturudishia, kocha wao alikuwa amesimama na kofia mkononi. Hilo hatukuwaomba.

Jingine nililolipenda ni la Utah. Mchezaji wao Ty Jordan alifariki Krismasi ya 2020 kwa risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya. Rafiki yake wa tangu sekondari huko Texas, Aaron Lowe, aliacha namba yake akavaa 22 ya Jordan, na alikuwa wa kwanza kupata ufadhili wa masomo ulioanzishwa kwa jina la rafiki yake. Septemba 2021 Lowe naye akapigwa risasi na kuuawa. Chuo kiliistaafisha namba 22, na kwenye mechi za nyumbani, kati ya robo ya tatu na ya nne, mashabiki wana dakika ya kelele kwa ajili yao wawili. Kelele, si kimya. Kama mwenzenu alikuwa mtu wa ngoma na vuvuzela, dakika ya kimya haimfanani hata kidogo.

Tahadhari moja ya kisheria kwa sisi wa soka: mfungaji akivua jezi kuonyesha fulana ya marehemu ni kadi ya njano, hata kama refa mwenyewe ana machozi. Vitambaa vyeusi vya mkononi viombeeni ruhusa kwa waandaaji mapema.

Jambo ninalolikemea kila ninapopigiwa simu ni kumuahidi marehemu ushindi. "Tutashinda kwa ajili yake!" Vijana wanaingia uwanjani na deni ambalo hakuna anayewadai. Tazameni tena vyuo vya Marekani: Bryan Pata wa Miami alipigwa risasi akafa Novemba 7, 2006. Siku chache baadaye timu yake ikafungwa na Maryland 14-13. Jasper Howard wa Connecticut alichomwa kisu akafa Oktoba 2009, usiku wa siku ambayo timu yake ilishinda. Mechi iliyofuata walifungwa na West Virginia 28-24. Virginia, waliouliwa wachezaji watatu ndani ya basi Novemba 13, 2022, wakitoka kwenye ziara ya darasa, Lavel Davis Jr., Devin Chandler na D'Sean Perry, walifuta mechi mbili zilizobaki za msimu. Waliporudi kucheza nyumbani Septemba 2023 walifungwa na James Madison 36-35. Pointi moja! Hebu niambie, vijana wale wangeambiwa kwamba ushindi ndiyo heshima, wangelala vipi? Connecticut walishinda mwezi uliofuata kifo cha Howard, ugenini kwa Notre Dame, 33-30, na wakalia kwa furaha. Ulikuja wenyewe.

Na kufuta mechi si woga. Kama wachezaji hawali wala hawalali, ombeni iahirishwe.

Katika mechi ile ya Virginia alifunga Mike Hollins, ambaye alipigwa risasi mgongoni katika tukio lilelile la basi na akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja. Watu huona picha ya namna hii wakadhani kila aliyenusurika lazima arudi shujaa. Kwetu alikuwepo mshambuliaji aliyekuwa na marehemu usiku ule. Wiki ya kwanza kila mtu alikuwa anamkalisha chini: "Hivi ilikuwaje?" Kwenye kantini, kwenye daladala, hata mhadhiri mmoja. Tukakubaliana kama timu kwamba hakuna wa kumuuliza, na akiulizwa na wa nje, aliye karibu naye ajibu, "Mwache, ndugu." Kurudi mazoezini aliamua mwenyewe. Alikuja kwanza kukaa tu benchi na viatu vya kawaida, tukamwacha akae. Mpelekeni mtu kama huyo kwa mshauri nasaha wa chuo mapema, na mmsindikize, kwa sababu peke yake hatakwenda.

Mwenye maneno ya kusema kuhusu tukio ni polisi na mahakama. Msitaje watuhumiwa mitandaoni, huenda baadhi yenu mkaitwa mashahidi. Na jiandaeni kwa safari ndefu. Hapa Tanzania shauri la mauaji hutajwa na kuahirishwa mahakama ya chini kabla halijafika Mahakama Kuu. Wamarekani nao hawajapona: mtuhumiwa wa Virginia alikiri kosa Novemba 2024, miaka miwili baadaye, na katika kesi ya Pata mtuhumiwa alikamatwa 2021. Pangeni zamu ya kumsindikiza mzazi mahakamani, wawili wawili inatosha.

Linabaki la namba. Vyuo vikubwa vinastaafisha namba kwa sababu vina wachezaji zaidi ya mia. Sisi tuna jezi 18 na mbili zimechanika, hivyo namba 3 haikustaafu. Hupewa beki wa kushoto mpya, na masharti yameandikwa kwenye daftari la timu: kila mwaka, kabla ya mechi iliyo karibu zaidi na tarehe ile, mwenye jezi anampigia simu mzee, anamwamkia na kumweleza timu iko wapi kwenye msimamo. Tuliandika kwa sababu mwanafunzi ni mtu wa miaka mitatu, anamaliza na kuondoka na kumbukumbu zake. Chuo cha Marshall cha Marekani kilipoteza watu 75, wachezaji wake wa futiboli wakiwemo, kwenye ajali ya ndege Novemba 14, 1970, na mpaka leo kila tarehe hiyo huzima maji ya chemchemi yao ya ukumbusho hadi majira ya kuchipua. Wanafunzi wanaohudhuria hawakuwa wamezaliwa, lakini tarehe inajulikana na bomba linajulikana.

Mwaka huu jezi iko kwa kijana wa mwaka wa kwanza ambaye hakuwahi kumuona marehemu. Alipopiga simu mzee alimhoji kuhusu safu ya ulinzi mpaka salio likaisha. Wekeni na hela ya vocha kwenye bajeti.