Ukurasa wa kikundi: anzeni na laini ya simu

Dada, umeuliza kikundi chenu cha wakulima wa zabibu Hombolo, Dodoma, kianze na mtandao upi wa kijamii kutafuta wateja. Anzeni na WhatsApp Business, ile WhatsApp ya biashara, kwa laini ya kikundi, siyo ya katibu. Akihama au laini ikifungwa, wateja wote wanapotea. Wekeni PIN ya WhatsApp ya tarakimu 6 (uthibitisho wa hatua mbili) siku hiyohiyo, viongozi wawili waijue. Kisha jazeni katalogi: picha, bei kwa kilo, na mahali pa kuchukulia mzigo. Bei isiyoandikwa inafukuza watu, jamani. "Njoo inbox" inachosha.

Facebook iwe ya pili. Fungueni ukurasa, siyo akaunti ya mtu, na wenye mamlaka kamili wawe wawili. Posti 2 kwa wiki zinatosha. Pigeni picha saa moja asubuhi, jua la Dodoma likiwa bado laini. Mchana zabibu nyeusi zinatoka kama doa moja. Shika kishada kiganjani ili ukubwa wa tunda uonekane. Video isizidi sekunde 30, maana bando ni la mteja. Na msisubiri mavuno: anzeni kuposti wiki 6 kabla, zabibu zikiwa bado za kijani, wanunuzi waweke oda mapema.