Saa ya Kusoma Jumamosi: Maktaba ya Tabora Iwafikie Watu Wote

Maktaba ya umma isiyo na ratiba ya shughuli huishia kuwa chumba cha wanafunzi wa sekondari kujisomea mitihani inapokaribia. Mama muuza karanga, mfuga nyuki kutoka Sikonge na mtoto wa darasa la pili hawaoni sababu ya kuingia. Kinachowaingiza ni shughuli yenye siku na saa inayojulikana mtaani.

Kwa watoto, ulizeni kwanza ratiba za madrasa na mafundisho ya kanisani, maana nyingi huangukia Jumamosi asubuhi. Saa 8 hadi 9:30 mchana inafaa zaidi: maji yameshachotwa, na watoto wanawahi kutoka kabla ya sala ya Alasiri.

Msimamizi mmoja achukue watoto 6 hadi 8, basi. Wakifika 40 kwa msomaji mmoja, walioko nyuma hawaoni picha, wanaanza kusukumana, mtu mzima anafoka, na watoto wanajiona wamerudi darasani. Darasa la 1 na la 2 wakae peke yao. Wasomewe dakika 15 hadi 20, kurasa zikiwaelekea wao, kisha wasome wawili wawili kwa kitabu kimoja wakipokezana kila ukurasa.

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Watoto wengi wanajua ba, be, bi, bo, bu vizuri tu, ila wanakwama kwenye vitenzi virefu. Mtoto akifika kwenye "alichong'oa" akanyamaza, usimtajie. Hesabu kimoyomoyo hadi tano. Akishindwa, funika neno kwa kidole, ufunue silabi moja moja: a, li, cho, ng'o, a. Kisha alisome lote, na arudie sentensi tangu mwanzo, la sivyo maana inampotea. Anayetoka kwenye nyumba ya Kinyamwezi aelezwe neno gumu kwa Kinyamwezi bila kuonewa aibu.

Kuazimisha vitabu ndiko kunakotisha wazazi, kwa hofu ya faini. Mzazi asaini mara moja, aelezwe kwamba kitabu kilichochanika kirudishwe hivyo hivyo. Siku 14 zinatosha. Ukurasa uliochanika upakwe gundi nyeupe kidogo kwa brashi, uwekewe karatasi ya nailoni pande zote mbili, kisha kitabu kigandamizwe kwa tofali usiku kucha. Selotepu msiiguse: hugeuka njano, na gundi yake huharibu karatasi. Rafu zikae mbali kidogo na ukuta ili mchwa waonekane mapema.

Watu wazima wanataka kinachowagusa mfukoni. Kwa mpangilio wa Dewey, yaani namba za kupanga vitabu rafuni kwa mada, ufugaji nyuki uko 638.1 na tumbaku 633.71. Vitoeni vitabu hivyo rafuni, viwekwe kwenye meza karibu na mlango. Mkoa una Chuo cha Ufugaji Nyuki hapa mjini, kwa hiyo ombeni mkufunzi aje mara moja kwa mwezi. Msipange vikao hivyo kati ya Novemba na Aprili, watu wako mashambani. Kuanzia Mei wanapatikana.

Kinachoua shughuli hizi kwa kweli ni mlango uliofungwa. Mtoto akikuta kufuli Jumamosi mbili mfululizo, harudi, na huwaambia wenzake. Funguo ziwe kwa watu wawili wanaokaa mitaa tofauti, na kila mmoja ajue kitabu cha wiki ijayo ni kipi.