Angalia raketi, si mpira: spini zilivyonitesa kwenye pikoboli

Nilipoanza kucheza pikoboli, mchezo wa raketi na wavu, hapa Seattle, Marekani, nilijiona mjuzi. Nimekulia Tanga nikicheza tebo tenisi shuleni. Huu mpira wa plastiki wenye matundu ungenisumbua nini? Jumamosi moja nikapangwa na mzee mmoja aliyefunga bandeji magoti yote mawili. Alinipiga 11–2 bila kukimbia hata hatua tano. Karibu kila mpira niliourudisha uliishia kwenye wavu, pwaa, kama umechoka. Hasira zikanipanda, nikaongeza nguvu. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Tulipokaa kunywa maji akaniambia nautumbulia macho mpira badala ya raketi yake. Sheria rasmi za Marekani tangu 2023 zinakataza kuusokota mpira kwa vidole wakati wa kuanzisha, kwa hiyo spini, yaani mzunguko wa mpira, utakayoletewa inatengenezwa na raketi, mbele ya macho yako. Raketi ikikwangua kutoka juu kwenda chini, kama kisu kinavyomenya muhogo, mpira ukidunda hauinuki, na ukigusa raketi yako unataka kushuka. Kunja magoti, uso wa raketi uelekee juu kidogo, upandishe mpira taratibu. Raketi ikipanda kutoka chini kwenda juu, mpira ukidunda unakurukia. Rudi hatua moja nyuma na uinamishe uso wa raketi, la sivyo utautoa nje.

Spini ya pembeni, pale raketi inapokwangua kwenda kushoto au kulia, ndiyo iliyonila miezi. Mpira ukigusa raketi yako hukimbilia upande ambao raketi ya mwenzako imemalizia. Basi wewe lenga upande ilikoanzia. Na achana na tamaa ya mistari ya pembeni. Pitisha katikati, ambako wavu una kimo cha sentimita 86 tu, wakati kwenye nguzo ni 91. Hata mpira ukihepa kidogo, bado umo uwanjani.

Mshiko uwe mlegevu, kama umeshika kifaranga. Ukiibana raketi, spini inakutawala.

Zoezi langu: rafiki ananipigia mipira yenye spini, nami natamka "juu!" au "chini!", kufuata raketi yake ilikoelekea, kabla mpira haujavuka wavu. Waliokuwa uwanja wa jirani walidhani nimerukwa na akili.

Yule mzee bado ananifunga. Wiki iliyopita ilikuwa 11–8, na pointi ya mwisho niliipoteza nikiukodolea macho mpira.