Bunduki ya kulinda nyumba Marekani: nunua ya kawaida, pesa inayobaki iende kwenye risasi na mazoezi

Hapa Texas Waswahili wenzangu huniuliza sana, hasa waliotoka kununua nyumba ya kwanza: nichukue bunduki gani ya nusu otomatiki (inayojipakia risasi yenyewe, lakini inatoa moja tu kila ukivuta kifyatulio), isiwe ghali, na iwe na shabaha nzuri? Wengi hutangulia na jina la kampuni. Mimi naanza na ukuta.

Nyumba nyingi za huku si za tofali. Gonga ukuta wa sebule usikie ulivyo mtupu ndani: bodi ya jipsamu ya nusu inchi upande huu, nyingine upande ule, zimepigiliwa kwenye mbao, katikati hewa tu. Risasi yoyote yenye nguvu ya kumzuia mtu inapita hapo, inaingia chumba cha pili, na inaweza kuendelea. Sisi tuliokulia kwenye nyumba za bloku hilo halitujii akilini upesi. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, simama usiku mlangoni mwa chumba chako, tazama korido, ujiulize: nyuma ya mtu atakayesimama pale, nani analala? Kama ni watoto, tafuta pembe nyingine ya kusimama, au mpango wenu uwe kuwakusanya wote chumba kimoja, kufunga mlango na kupiga 911, namba ya dharura.

Ukishalijua hilo, kuchagua bunduki si kazi kubwa. Kwa mwenye bajeti ya kawaida nashauri aina ya AR-15. Eugene Stoner aliibuni akiwa ArmaLite katika miaka ya 1950, Colt wakanunua haki, na hataza (haki ya pekee ya kuitengeneza) ilipokwisha miaka ya 1970 viwanda vingine vikapata nafasi. Ndiyo sababu leo vipuri vinapatikana kila mahali na bei imeshuka. Ruger AR-556 na Smith & Wesson M&P15 Sport hupatikana kwa dola 600 hadi 800 hivi, na Palmetto State Armory mara nyingi huuza chini ya hapo. Chukua mtutu wa inchi 16. Ukiwa mfupi zaidi unaingia kwenye sheria nyingine ya usajili wa serikali kuu. Hakikisha chemba, yaani sehemu inapokaa risasi kabla ya kufyatuliwa, ni ya risasi za saizi ya 5.56, kwa sababu hiyo inakubali na risasi za .223, lakini bunduki iliyoandikwa .223 peke yake usiipe 5.56.

Asiyependa kishindo cha 5.56 anaweza kuchukua Ruger PC Carbine ya milimita 9. Risasi zake ni nafuu, na inaweza kutumia magazini (vikasha vya risasi) za bastola za Glock. Asidhani tu kwamba risasi ya bastola ina huruma na ukuta. Risasi nyepesi ya .223 yenye ncha laini au yenye tundu kwenye ncha huvunjika haraka kuliko nyingi za milimita 9. Zile za kijeshi zenye ncha ya kijani usizitumie kabisa kulinda nyumba.

Sasa shabaha. Watu wanalipa dola mia kadhaa zaidi ili wapate bunduki inayokusanya matundu ndani ya inchi 1 kwa yadi 100. Korido yako haifiki yadi 15. Bunduki ya bei nafuu inayotawanya inchi 3 kwa yadi 100, kwa umbali wa korido inatawanya chini ya sentimita 1 na nusu. Kinachopoteza watu shabaha ndani ya nyumba ni kingine: kionyeshi cha doti nyekundu, kifaa cha kulengea, kinakaa juu ya mtutu kwa sentimita 6 au 7. Ukiwa umekirekebisha ili risasi ipige penye doti kwa yadi 50, kwenye mita 7 risasi itapiga chini ya doti kwa sentimita 5 hivi. Nenda kiwanjani, weka karatasi karibu, piga taratibu, uone kwa macho yako tundu linapotokea. Halafu urudie mpaka mkono wako ujue.

Kwa hiyo dola ulizookoa nunulia tochi imara ya kufunga kwenye bunduki, kwa maana huna ruhusa mbele ya Mungu wala ya sheria kumpiga mtu usiyemwona ni nani. Kijana wako anayerudi usiku wa manane naye anatembea gizani. Zinazobaki nunua risasi: za bei nafuu kwa mazoezi, na zile ulizochagua kwa nyumba uzijaribu za kutosha mpaka uridhike kwamba hazikwami kwenye bunduki yako.

Kuhusu makaratasi: dukani utajaza fomu 4473 na utakaguliwa kwenye mfumo wa FBI. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa. Mwenye viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi. Mwenzako asiyeruhusiwa akikuomba umnunulie kwa jina lako, mkatalie hata akiwa shemeji, maana hilo ni kosa la jinai la serikali kuu. Na walio California, New York, New Jersey, Illinois au Washington wasome kwanza sheria za jimbo lao, maana huko AR-15 za kawaida zimepigwa marufuku.

Kisha sefu. Nunua siku ileile unayonunua bunduki, ya kufunguka haraka kwa namba au kidole, na uifunge kwa boliti kwenye sakafu au mbao za ukuta. Juu ya kabati si mahali pa kuficha. Mtoto wa miaka 5 anapanda kiti. Mwenzi wako naye ajue kuifungua sefu na ajue kutoa risasi kwenye bunduki kwa usalama, hata kama hataki kabisa kuifyatua. Mpeleke kiwanjani mara moja na mwalimu asiyekuwa wewe.