Jibu: Mzaha wa bibi wa ndonya kwenye komedi, ni matusi?

Mkuu, ule mzaha wa bibi wa Kimakonde kumwaga chai kwa sababu ya ndonya, kile kisahani cha mdomoni, mimi naona umevuka mpaka, ila si kwa sababu ya utani wa panya ulioutaja. Sisi Wamakonde wa Newala kutaniwa kuwa tunakula panya hakutuumizi. Wengine tunawala kweli, wakibanikwa na kutiwa chumvi, asikudanganye mtu. Na mtani ana ruhusa ya kukukejeli hata msibani. Lakini mtani hujibiwa! Yule bibi hajapewa hata sentensi moja, anachekwa mdomo tu. Ndonya ilikuwa pambo, bibi zetu waliivaa mdomo wa juu kwa kujidai. Wangemwacha amrudishie yule kijana wa Dar anayemcheka kejeli moja ya nguvu, huku Mtwara tungecheka mpaka machozi.